Kujitolea Katika Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro: Namna ya Kupanga Kazi Kulingana na Majira

Kila mwaka mji wa Moshi hupokea watu wenye nia njema ya kuusaidia Mlima Kilimanjaro: wanafunzi wa vyuo, vikundi vya dini, wafanyakazi wa ofisi kutoka Dar es Salaam na Nairobi, na wageni wa ng'ambo wanaotaka kupanda mti au kuokota taka kabla ya kurudi kwao. Wengi hufika na kalenda zao mkononi, na mara nyingi kalenda hizo ndizo zinazoharibu kazi. Mimi mwenyewe niliwahi kuwa miongoni mwao. Katikati ya Januari ya mwaka mmoja tulipanda miche mia kadhaa ukingoni mwa msitu upande wa Uru, kwa sababu hiyo ndiyo wiki ambayo kikundi chetu kilikuwa na nafasi. Tulipiga picha, tukashuka. Niliporudi mwanzoni mwa Machi nilikuta vijiti vikavu vimesimama kwenye udongo uliopasuka, na mama mmoja aliyekuwa akikata majani ya ng'ombe akaniuliza kwa upole kama hatukumpata mwenyeji wa kumwuliza watu hupanda lini. Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya swali lake.

Tangu siku ile ninaanza na msimu, kisha ninachagua kazi, na tarehe za safari huwa za mwisho kupangwa. Hatua zinazofuata zimepangwa kwa utaratibu huo huo.

Hatua ya kwanza: ifahamu mvua ya mlima, na upande unaokwenda

Kilimanjaro ina misimu miwili ya mvua. Masika huanza Machi, hushika kasi Aprili na kuendelea hadi Mei; vuli huja kati ya mwishoni mwa Oktoba na Desemba, nayo ni nyepesi zaidi na haina uhakika kama masika. Kati ya misimu hiyo kuna vipindi viwili vikavu ambavyo havifanani hata kidogo. Januari na Februari ni miezi ya joto, yenye asubuhi angavu na jua linalokausha udongo wa juu kwa siku chache. Juni hadi Agosti ni kipupwe, ambapo mvua hupungua lakini baridi huongezeka na mawingu hukaa chini juu ya vijiji. Kuanzia Septemba jua hurudi, na kufikia mwanzoni mwa Oktoba nyasi na vichaka vya juu vilivyokaa miezi kadhaa bila mvua ya maana huwa vikavu kiasi cha kushika moto kwa cheche moja.

Maelezo hayo ya jumla hayamtoshi mtu anayekwenda kufanya kazi. Mlima unaoanzia kwenye tambarare ya takriban meta 900 na kufika meta 5,895 katika kilele cha Uhuru una hali za hewa kadhaa kwa siku moja. Joto hupungua kwa wastani wa nyuzi 6 hivi za Selsiasi kwa kila meta 1,000 unazopanda, hivyo aliyetoka Moshi akiwa na fulana huhitaji koti zito akifika kambi ya Horombo kwenye meta 3,720, na usiku kule kambi ya Kibo maji yaliyoachwa ndani ya chupa huganda. Mvua nayo hailingani. Msitu wa kusini, juu ya Machame, Kibosho na Kilema, ndio unaonyeshewa zaidi: katika mwinuko wa meta 2,000 na kidogo hupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Ukivuka meta 4,000, mvua na theluji kwa pamoja ni sehemu ndogo tu ya kiasi hicho. Upande wa kaskazini, kuanzia Tarakea kuelekea Kamwanga, ni mkavu kuliko kusini mwaka mzima. Kwa sababu hiyo, mtu anayesema "Aprili ni wakati wa mvua Kilimanjaro" amesema kweli, lakini hajakwambia kama atakuwa kwenye njia ya Umbwe, upande wa kusini, akizama matopeni, au Rongai, upande wa kaskazini, akitembea kwenye njia inayopitika.

Kuna jambo la kila siku ambalo wageni hulichukulia kama bahati mbaya, kumbe ni kawaida ya mlima. Asubuhi jua linapopasha miteremko, hewa yenye unyevu hupanda kutoka bondeni, na kufikia saa nne au saa tano mawingu hufunika msitu na mara nyingi manyunyu huanza mchana. Usiku hewa baridi hushuka na anga hufunguka. Katika kipupwe unaweza kuondoka Machame asubuhi bila kuliona jua, na siku ya pili ukafika uwanda wa Shira ukakuta anga la buluu na mawingu yametanda chini yako kama bahari. Panga kazi nzito ianze saa kumi na mbili na nusu asubuhi na imalizike kabla ya saa saba mchana. Huo ndio muda ambao mlima unakupa.

Siku tatu kabla ya kuondoka, angalia utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania kwa nyanda za juu kaskazini-mashariki, kisha mpigie mwenyeji wako wa kijijini umwulize kama mito imejaa na kama barabara ya kwenda getini inapitika. Utabiri hutolewa kwa eneo pana. Mwenyeji ndiye anayejua kwamba gari dogo haliwezi kupanda barabara ya udongo baada ya mvua ya jana.

Hatua ya pili: chagua kazi inayolingana na msimu

Kabla ya kutaja kazi, ni vizuri kuelewa kwa nini msitu unapewa uzito kuliko barafu katika shughuli za kujitolea. Watu wengi huamini kwamba maji ya Kilimanjaro hutoka kwenye theluji ya kilele cha Kibo. Barafu hiyo imepungua sana tangu ilipopimwa mwanzoni mwa karne ya 20, na inasikitisha kuiona ikiisha, lakini mchango wake katika mito ni mdogo mno. Maji ya mifongo, yaani mifereji ya asili ya Wachagga, ya mabomba ya Moshi na ya mto Pangani unaojaza bwawa la Nyumba ya Mungu hutokana hasa na mvua inayonyesha msituni na ukungu unaonaswa na majani, mashina na kuvumwani inayoota mitini. Msitu wa juu ukiungua, ukungu hupita bila kunaswa. Tangu mwaka 1976 moto umeteketeza takriban hekta 13,000 za misitu ya mlima huu. Kwa hiyo mtu anayezuia moto mmoja mwezi Septemba ameleta maji mengi kijijini kuliko anayepiga picha ya barafu.

Mwishoni mwa Februari hadi wiki ya kwanza ya Machi ni wakati wa njia na mitaro. Njia za kupandia mlima huharibiwa na maji kuliko miguu: mtaro unapoziba kwa majani na udongo, maji ya masika hufuata njia yenyewe, huichimba hadi mizizi ikaonekana, na wapita njia hukanyaga pembeni wakikwepa matope, hivyo njia ya meta moja huwa ya meta nne. Kazi ya watu 10 kwa siku 2, wakizibua mitaro na kuweka upya magogo ya kugeuza maji chini ya maelekezo ya askari wa hifadhi, inaweza kuokoa sehemu ya njia kwa masika yote. Ni kazi isiyo na picha nzuri na huwa haina watu. Ndiyo maana naitaja mwanzo.

Kuanzia mwishoni mwa Machi, mvua zikishashika, hadi mwishoni mwa Aprili ni wakati wa kupanda miti. Tarehe 1 Aprili, ambayo ni Siku ya Taifa ya Upandaji Miti, imewekwa vizuri kwa upande huu wa nchi. Vuli ya Novemba ni nafasi ya pili, lakini mche wa vuli una wiki chache tu za kushika mizizi kabla ya jua la Januari, kwa hiyo upande vuli pale tu penye mtu wa kumwagilia.

Mei ni mwezi wa kukaa chini. Njia za kusini huteleza, mito hujaa, na kikundi kinachong'ang'ania kupanda huwapa askari na wapagazi kazi ya kukiokoa. Tumia mwezi huo kwa vitalu vya vijijini, kujaza udongo viriba, yaani vifuko vya kuoteshea miche, na kupanda mbegu, au kwa vilabu vya mazingira mashuleni.

Juni hadi Agosti na Januari hadi Februari ni misimu ya watalii wengi. Usafi wa kambi unahitajika zaidi mara tu baada ya vipindi hivyo, yaani Septemba na mapema Machi, wakati taka zimeshajikusanya. Agosti na Septemba ni wakati wa kusafisha njia za kuzuia moto na kupita vijijini kutoa elimu. Oktoba ni ya tahadhari tupu. Moto mkubwa wa Oktoba 2020, ulioanzia eneo la Whona kwenye njia ya Marangu kati ya Mandara na Horombo, uliteketeza kilometa za mraba 95 hivi. Mwingine ulizuka Oktoba 2022 karibu na kambi ya Karanga. Miaka miwili tofauti, mwezi ule ule.

Upande wa magharibi na kaskazini kuna kazi ya aina nyingine, ya kuwasaidia wakulima wanaopakana na ushoroba wa Kitendeni, ambao tembo huutumia kupita kati ya Kilimanjaro na Amboseli ya Kenya. Kazi hiyo hufuata mavuno na inahitaji watu waliofunzwa. Usiichague kwa safari yako ya kwanza.

Hatua ya tatu: pata ruhusa kabla ya kukusanya watu

Hifadhi ilianzishwa mwaka 1973 na kuorodheshwa na UNESCO kama Urithi wa Dunia mwaka 1987, na tangu mwaka 2005 msitu uliokuwa hifadhi ya misitu umeingizwa ndani ya mipaka yake. Mabadiliko hayo ya 2005 yana maana kubwa kwa anayejitolea: sehemu ambayo wazee wataiita "msitu wa serikali" leo iko chini ya Shirika la Hifadhi za Taifa, TANAPA, na huwezi kuchimba hata shimo moja humo bila kibali. Kati ya msitu na mashamba upo pia ukanda unaoitwa Nusu Maili, ambao kwa miaka mingi wanavijiji walikuwa wakipata humo kuni na majani ya mifugo. Bado unagusa maisha ya watu wengi na una kanuni zake. Usiingie ukanda huo na jembe kabla ya kuuliza.

Andika barua kwa Mkuu wa Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro, KINAPA, ambaye makao yake makuu yako Marangu. Barua itaje kazi, eneo, idadi ya watu, tarehe mbili mbadala, vifaa mtakavyobeba, na jina la mtu atakayewajibika. Ipeleke miezi miwili kabla. Nakala ya barua hiyo ifike kwa mtendaji wa kijiji mtakakofanyia kazi, na nenda mwenyewe ukamwone. Barua hufungua jalada, lakini ni mazungumzo yanayompata mzee atakayewaonyesha chemchemi iko wapi. Kama miche itapandwa nje ya hifadhi, zungumza pia na ofisi ya misitu ya halmashauri au Wakala wa Huduma za Misitu, TFS, kuhusu aina za miti.

Uliza mapema kuhusu viingilio. Kujitolea hakumaanishi kuingia bure, isipokuwa kama kibali kimeandika hivyo. Raia wa Afrika Mashariki hulipa kiwango cha chini sana kuliko wageni, na malipo hayapokelewi kwa fedha taslimu getini. Vilevile hakuna anayeruhusiwa kupanda mlima bila kiongozi aliyesajiliwa, hata kama lengo lake ni kuokota chupa.

Wageni kutoka nje ya nchi wazingatie jambo moja ambalo limewaletea wengi usumbufu: viza ya utalii hairuhusu kazi, na kazi ya kujitolea isiyo na malipo bado ni kazi mbele ya sheria. Anayewaalika ndiye anayepaswa kuanza taratibu za kibali Uhamiaji kabla hawajakata tiketi. Na kikundi chochote kinachomtoza mtu fedha nyingi kwa ajili ya "kujitolea" kiombwe kuonyesha barua ya hifadhi au ya kijiji inayokitambua. Kama hakina, tafuta kingine.

Hatua ya nne: andaa mwili na mzigo

Kwa kazi za ukingoni mwa msitu, afya ya kawaida inatosha. Kwa kazi za kambini ni jambo jingine, na hapa ningependa msomaji anielewe vizuri: maradhi ya mwinuko hayachagui kijana wala mzee, na kazi ya kuinama huku ukitembea huyaficha, kwa sababu mtu hudhani anaumwa kichwa kutokana na jua. Safari yako ya kwanza iishie Mandara, kwenye meta 2,720, ambako unaweza kupanda kutoka geti la Marangu na kurudi siku hiyo hiyo. Ya pili iende Horombo, na ulale usiku mmoja Mandara kabla ya kupanda. Kambi za Barafu na Kibo ni za watu ambao mwili wao umeshajulikana unavyopokea mwinuko. Maumivu ya kichwa yasiyotulia, kichefuchefu na kukosa hamu ya kula ni dalili za kusimama. Kuyumba kama mlevi, kuchanganyikiwa, au kifua kinachokoroma mtu akiwa amepumzika ni dalili za kushuka papo hapo, hata kama ni usiku, na asishuke peke yake.

Vaa viatu vilivyokwisha kuzoea miguu yako. Beba koti la mvua hata Februari, sweta la sufu au la manyoya bandia, kofia, glavu mbili za kazi, taa ya kichwani, na chupa ya maji ya kudumu. Chupa za plastiki za kutumika mara moja haziruhusiwi mlimani, na mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, kwa hiyo taka zikusanywe kwenye mifuko ya salfeti, ile ya unga au mbolea iliyofuliwa. Inadumu, haitoboki kwa urahisi, na hupatikana sokoni kwa bei ndogo.

Kama mnatumia wapagazi, wale ambao wenyewe kwa wenyewe huitana wagumu, hesabuni mzigo wao kwa haki. Kanuni ya hifadhi inaweka kikomo cha kilo 20, na taka za kushuka nazo ni mzigo. Nimeona kikundi cha usafi kikimpakia kijana mmoja salfeti tatu za taka juu ya mizigo yake ya kawaida, kisha wenyewe wakashuka mikono mitupu wakiimba. Kila aliyeokota na abebe.

Hatua ya tano: fanya kazi yenyewe

Kupanda mti. Mashimo yachimbwe wiki mbili kabla, na wanakijiji waliolipwa au waliokubali kwa hiari yao, si asubuhi ya sherehe. Shimo la kina na upana wa sentimeta 45 hadi 60 linatosha. Udongo wa juu mweusi uwekwe upande mmoja na ule wa chini upande mwingine, kwa maana mweusi ndio utakaorudi kwanza, ukiwa umechanganywa na samadi iliyooza. Aina za miti ziwe za asili ya mlima. Mringaringa na mfuruanje hustahimili ukingo wa msitu na hutoa kivuli kinachofaa kahawa na migomba. Msesewe hupenda penye maji, nao una heshima yake kwa kuwa magome yake hutiwa katika mbege, pombe ya Wachagga. Usipande mikaratusi karibu na chemchemi, na kumbuka kwamba sheria ya mazingira inazuia shughuli za kibinadamu zinazoharibu ndani ya meta 60 kutoka chanzo cha maji, hivyo kazi yoyote hapo, hata ya kupanda miti, iwe na idhini.

Siku ya kupanda, chukua mche wenye urefu wa kama goti, uliokwisha kuzoeshwa jua kitaluni. Mwagilia kiriba kwanza ili udongo ushikamane. Kiweke kiganjani, ukate kitako chake kwa wembe pamoja na nusu sentimeta ya udongo, kwa sababu hapo ndipo mizizi huwa imejizungusha kama kamba. Mzizi uliojizungusha usipokatwa utaendelea kuzunguka ardhini, na mti unaweza kuanguka baadaye. Kisha pasua kiriba kwa urefu na ukivue. Usiuvute mche kwa shina hata kidogo. Uweke shimoni hadi shingo ya mizizi ilingane na uso wa ardhi, rudisha udongo mweusi, ukandamize kwa kisigino taratibu kuzunguka pande zote, halafu tandaza majani makavu ya migomba kuuzunguka, yakiwa mbali na shina kwa upana wa kiganja ili lisioze. Chomeka mambo, yaani kigingi cha mti, yenye urefu wa meta moja kando yake. Mambo hiyo haiushikilii mche. Inamwonya mkata majani, kwa kuwa mundu umeua miche mingi ya Kilimanjaro ambayo hakuna aliyekusudia kuiua. Mwisho, hesabu viriba vilivyovuliwa: kama mmepanda miche 200, viriba 200 vishuke nanyi.

Usafi wa njia na kambi. Gawaneni wawili wawili, mmoja kwenye njia na mwingine pembeni, akitazama chini ya vichaka. Taka kubwa zimepungua sana, kwa sababu taka za msafara hupimwa kwa mizani na wapagazi hushuka nazo. Zilizobaki ni ndogo: vifuniko, vipande vya karatasi za pipi na biskuti, vipisi vya sigara, betri, na karatasi za chooni zilizofichwa nyuma ya mawe na vichaka vya erika. Katika mwinuko wa juu baridi na ukavu huchelewesha kuoza, hivyo karatasi iliyotupwa msimu uliopita bado iko pale pale. Tumia koleo ndogo au glavu, weka betri kwenye kopo la peke yake, na karatasi za chooni kwenye mfuko wa peke yake unaofungwa. Usichome chochote. Usifukie chochote. Mawe mnayoyageuza yarudisheni yalivyokuwa, maana chini yake kuna wadudu na mimea inayokua polepole sana; mti wa senesio mnaopiga nao picha pale Barranco unaweza kuwa umeanza kukua kabla babu zenu hawajazaliwa.

Kujikinga na moto. Hapa pana mipaka, na ninaomba iheshimiwe. Mtu wa kujitolea anaweza kufyeka na kukwangua njia za kuzuia moto hadi udongo uonekane, anaweza kukaa zamu ya kutazama moshi, na anaweza kwenda nyumba kwa nyumba kuzungumza na warina asali, wakata majani na vijana wanaopika porini. Kuukabili moto wenyewe ni kazi ya askari wa hifadhi, Jeshi la Zimamoto na wale walioitwa na wao. Mwaka 2020 mamia ya wanavijiji, wapagazi na wanafunzi walijitokeza kusaidia, na bila wao hasara ingekuwa kubwa zaidi. Lakini walipangwa kwa vikosi vyenye viongozi. Kama utaitwa, vaa pamba, kwa kuwa nailoni huyeyuka na kung'ang'ania ngozini, funika pua kwa kitambaa chenye unyevu, na usisimame hata mara moja mteremkoni juu ya moto. Moto hupanda mlima kwa kasi kuliko mtu anavyoweza kukimbia, na upepo wa mchana huusukuma juu. Kazi ya kuuzima hufaa zaidi alfajiri, upepo ukiwa umetulia na nyasi zina umande. Majani ya erika huungua hata yakiwa mabichi, na mizizi huendelea kufuka chini ya ardhi baada ya miali kuisha, ndiyo maana zamu ya kulinda majivu kwa siku kadhaa ni muhimu sawa na siku ya kuzima. Ukiona moshi ukiwa njiani, usiufuate. Mwambie kiongozi wako aite kituo cha askari kwa redio, akitaja njia, kambi iliyo karibu, na moshi unaelekea upande gani.

Hatua ya sita: rudi kuhesabu

Kikundi kiandae daftari moja, na kila kazi iandikwe siku hiyo hiyo kabla ya kuondoka kijijini: tarehe, mahali, mvua ya wiki hiyo ilikuwaje, miche mingapi ya aina gani, kilo ngapi za taka na za aina gani, meta ngapi za mtaro. Nakala moja ibaki kwa mtendaji wa kijiji na nyingine ipelekwe hifadhini Marangu. Kilo za taka zikiandikwa kwa kambi na kwa msimu, hifadhi hupata kujua misafara inalegea wapi. Zikiandikwa kwa jumla tu, hazimsaidii mtu.

Kwa miche, pangeni ziara tatu. Ya kwanza iwe Juni, mvua zikishakatika, kwa ajili ya kupalilia na kuongeza matandazo. Ya pili iwe mwishoni mwa Septemba, mwezi mgumu kuliko yote, na mje na ndoo. Ya tatu iwe Machi ya mwaka unaofuata, siku chache kabla ya masika, mkiwa na daftari mkononi: piteni mambo kwa mambo, wekeni alama ya mche ulio hai na uliokufa, na chimbeni upya mashimo ya iliyokufa ili yasubiri mvua. Fedha za ziara hizo tatu, pamoja na posho ya mwanakijiji atakayemwagilia kati ya Juni na Oktoba, zitengwe kabla ya kununua mche wa kwanza. Kama bajeti ni ya miche 500 bila matunzo, pandeni 150 na kuitunza.

Eneo lile la Uru tulilipanda tena, mara hii katika wiki ya pili ya Aprili, kwa miche 120 tu, na yule mama mkata majani ndiye aliyetuonyesha sehemu ambazo maji hutuama.